Mabilioni hayafui chuma

Mhariri,

Serikali yoyote duniani ikitangaza bajeti mpya ya ulinzi, kurasa za magazeti hujaa tarakimu za fedha: bilioni kadhaa za mizinga, bilioni nyingine za droni, na siku hizi mfuko maalumu wa kuwekeza katika kampuni changa za teknolojia ya kijeshi. Msomaji hufika mwisho wa habari akijua fedha ni kiasi gani. Asichoambiwa ni kiwanda kitatoa vitu vingapi kwa mwezi, na ni hatua ipi ya kazi itakayozikwamisha nyingine zote. Kwetu sisi tunaoshughulika na uzalishaji, habari isiyotaja mambo hayo mawili ni kama tangazo la shamba lenye bei bila ekari.

Mfano upo wazi. Machi 2023 Umoja wa Ulaya uliahidi kuipa Ukraine makombora ya mizinga milioni moja katika miezi 12. Ilipofika Machi 2024, yaliyofikishwa yalikuwa kama nusu. Marekani nayo, kabla ya vita vya 2022, ilikuwa ikitoa makombora ya milimita 155 yapatayo 14,000 kwa mwezi. Ikajiwekea lengo la 100,000 kwa mwezi ifikapo Oktoba 2025. Mwaka huo ukaikuta bado inazungukia 40,000. Pande zote mbili fedha zilikuwepo, na amri zilitoka juu kabisa. Kilichokosekana kinaonekana tu ukishuka mpaka sakafu ya kiwanda.

Kombora la milimita 155 kwa macho ni chuma tu, kitu cha kilo 46 hivi kilichochongoka mbele. Kazi yake huanza na mhimili mnene wa chuma unaokatwa vipande. Kila kipande huingia tanurini mpaka kifikie nyuzi 1,100 hivi za Selsiasi, kikatolewa kikiwa chekundu, kikatobolewa katikati kwa mchi wa chuma chini ya presi, halafu kikavutwa kirefuke mpaka kifanane na chupa isiyo na shingo. Hapo ndipo penye kosa la kwanza. Joto likiwa halikuenea sawasawa, upande mmoja ukawa laini kuliko mwingine, mchi hupotoka njia na ukuta wa kombora huwa mnene huku na mwembamba kule. Kukereza nje hakuponyi ugonjwa huo. Kombora la namna hiyo likifyatuliwa huyumba angani kama pia iliyoishiwa nguvu.

Likishapoa hukerezwa, mdomo wake hupashwa moto upya na kubanwa uchongoke. Hufuata kuchomwa na kuzimwa ghafla kwenye mafuta, kisha kupashwa tena kwa joto la chini. Chuma kikizidi ugumu huweza kupasuka ndani ya mtutu. Kikiwa laini mno, hakivunjiki vipande vinavyotakiwa. Mwishoni huvishwa pete ya shaba karibu na kitako. Pete hiyo ndiyo inayouma michirizi ya ndani ya mtutu, ikaziba gesi isivuje na kulizungusha kombora lisipinduke njiani. Pete iliyolegea ni kombora lisilofika linakotumwa.

Ganda hilo tupu hupelekwa kiwanda kingine kujazwa. Kilipuzi chake, TNT, huyeyuka kwenye nyuzi 80 hivi, kwa hiyo humiminwa kama nta. Lakini ikiganda husinyaa, na juu pakiganda kabla ya katikati, ndani hubaki tundu. Tundu hilo halivumiliki hata kidogo. Mtutuni kombora hutoka kwenye kusimama mpaka kasi ya mita 800 hivi kwa sekunde. Kilipuzi huangukia lile tundu, hewa iliyomo hubanwa na kupata moto, na kombora laweza kulipukia mikononi mwa wenyewe. Ndiyo maana makombora hupozwa taratibu kuanzia kitakoni, mdomo ukiwekwa katika joto ili uwe wa mwisho kuganda, kisha hupigwa eksirei. Saa hizo za kupoza hazifupishwi kwa fedha. Ukitaka kujaza mengi zaidi huna budi kuongeza vyumba vya kupozea, na majengo yenye vilipuzi lazima yaachane kwa umbali wa usalama. Kiwanda kilichozungukwa na makazi hakina pa kukua, hata kikipewa hundi isiyo na kikomo.

Na hapo tumezungumzia ganda na ujazo peke yake. Mzinga wa aina hii hupakiwa vitu vinne tofauti: kombora, fyuzi ya kulilipua, chaji ya kulisukuma na kiwashio cha chaji. Kila kimoja kina kiwanda chake na kemia yake. Nchi ikijigamba kuwa imeongeza maganda mara tatu, ulizeni chaji zimeongezeka mara ngapi, maana idadi ya mizunguko kamili, yaani seti za vitu hivyo vinne zilizo tayari kufyatuliwa, ni sawa na ile ya kitu kilicho haba kuliko vyote vinne.

Chaji hutegemea nitroselulosi, kiungo kikuu cha baruti yake, nayo hutengenezwa kwa kuchovya selulosi katika mchanganyiko wa asidi ya nitriki na asidi ya sulfuriki. Selulosi inayopendwa zaidi hutokana na zile nyuzi fupi zinazobaki kwenye mbegu ya pamba baada ya pamba kuchambuliwa. Viwanda vya Ulaya vilijikuta vinategemea mno nyuzi hizo kutoka China, na hilo likaja kuwa hoja ya kisiasa baada ya mahitaji kupanda. Selulosi ya miti inaweza kutumika, lakini haiingii kiwandani kwa kubadilisha tu lebo ya gunia. Nyuzi zake hunywa asidi kwa namna nyingine, kiwango cha nitrojeni huyumba, baruti huungua kwa kasi tofauti, na jedwali la kulengea la mzinga huwa si la kuaminika mpaka majaribio ya kufyatua yarudiwe. Hiyo ni kazi ya miezi mingi.

TNT yenyewe Marekani iliacha kuitengeneza mwaka 1986, sababu mojawapo ikiwa taka zake, yale maji mekundu yenye sumu ambayo hakuna mtaa unaoyataka. Ikawa inanunua nje, Poland ikiwa miongoni mwa wauzaji. Novemba 2024 ndipo jeshi lake lilipotoa mkataba wa dola milioni 435 ili kijengwe kiwanda kipya Kentucky. Baruti nyeusi nayo, ile ya kale ya kuwashia, ilikuwa ikitengenezwa nchini humo kwa matumizi ya jeshi na kiwanda kimoja tu, Minden, Louisiana. Kikalipuka Juni 2021, kazi ikasimama. Mnunuzi mkubwa kuliko wote wa silaha duniani alikuwa ametundika mamia ya aina za risasi na makombora kwenye msumari mmoja.

Kuna hesabu ndogo ambayo waandishi wa habari za uchumi wangefanya vizuri kuwa nayo mfukoni. Kitu kinachopita hatua 20, kila hatua ikifaulu kwa asilimia 98, hutoka kizima kwa asilimia 67 tu, kwa sababu 0.98 hujizidisha yenyewe mara 20. Meneja wa kila hatua anajisifu kwa asilimia 98 yake, na kila mmoja anasema kweli, huku theluthi nzima ya kazi ikiishia kwenye chuma chakavu au kurudiwa. Kupandisha kila hatua kutoka 98 hadi 99.5 huleta asilimia 90. Ongezeko hilo ni sawa na kupata kiwanda kingine chenye ukubwa wa theluthi ya kile cha kwanza bila kujenga ukuta hata mmoja. Hupatikana kwa vitu visivyopigwa picha na wanasiasa: vipimajoto vilivyohakikiwa, visu vya kukereza vinavyobadilishwa kabla havijaisha makali, mafuta ya kuzimia yanayopimwa kila siku yasiingiwe na maji, na fundi mwenye mamlaka ya kusimamisha mashine anapoona vipimo vinaanza kuhama kabla havijavuka mpaka.

Kwa nini basi wenye mitaji hawakujenga haya mapema? Wengi husema ni uoga au dini ya faida. Sisi tunaona walisoma vitabu vya hesabu sawasawa. Jeshi likiwa katika amani hununua kidogo, tena kwa mwaka mmoja mmoja, na bunge likibanwa, risasi na makombora ndiyo ya kwanza kukatwa kwa sababu hayana kiwanda kikubwa katika kila jimbo kama ndege. Mwenye kiwanda akiagiza presi ya kufulia chuma leo, anaweza kuisubiri mwaka mmoja au miwili kabla haijafungwa. Atakopa vipi kwa zabuni inayokwisha Desemba? Baada ya Vita Baridi, Wizara ya Ulinzi ya Marekani yenyewe iliwaambia wakandarasi mwaka 1993 kwamba hakutakuwa na zabuni za kuwatosha wote. Wakaungana: kwa hesabu ya wizara hiyo, wakandarasi wakuu wa anga na ulinzi walishuka kutoka 51 hadi 5. Watengenezaji wa mota za roketi zinazotumia mafuta yabisi walibaki wawili.

Mota hizo zinastahili kuangaliwa karibu, maana ndizo zinazobana makombora ya kuongozwa karibu yote. Mafuta yake ni unga wa amoniamu pakloreti, kama asilimia 70 ya uzito, unga wa alumini na gundi ya mpira. Huchanganywa kwenye bakuli kubwa linaloendeshwa kutoka mbali, hakuna mtu chumbani, kisha humiminwa ndani ya mota na kuachwa yagande kwa siku kadhaa kwenye joto la wastani. Hewa ikibaki ndani, au mafuta yakibanduka kwenye ukuta, moto hupata eneo kubwa la kuungua kuliko lililokusudiwa, shinikizo hupanda na mota hupasuka. Hakuna kutengeneza upya: mota yenye ufa hutupwa. Na pakloreti? Hadi 1988 Marekani ilikuwa na viwanda viwili, na vyote viwili vilikuwa katika mji mmoja, Henderson, Nevada. Tarehe 4 Mei mwaka huo kimoja kikalipuka na kuteketea, watu wawili wakafa, na nusu ya uwezo wa nchi ikatoweka mchana mmoja. Wauzaji wawili kwenye karatasi, ujirani mmoja kwenye ramani.

Sera ya viwanda yenye maana huanzia hapo, kwenye namna mkataba unavyoandikwa. Tuseme kiwanda kina uwezo wa kutoa mizunguko 10,000 kwa mwezi, na wakati wa amani jeshi linahitaji 3,000. Mkataba wa kawaida hulipia zile 3,000 na kumwachia mwenye kiwanda mzigo wa mashine zilizolala. Yeye, kwa akili timamu, huziuza. Mkataba tunaoutetea una sehemu mbili. Kwanza, bei ya mizunguko 3,000 kwa miaka isiyopungua 7, yenye kipengele cha kufuata bei ya chuma na shaba ili mkandarasi asifilisike soko likiruka. Pili, kodi ya utayari: malipo ya mwezi kwa zile presi, matanuri na ardhi ya akiba, yanayolipwa tu kama kiwanda kimethibitisha kwamba kinaweza kukimbia.

Uthibitisho wenyewe uwe wa vitendo. Mara moja kwa mwaka kiwanda kipandishwe kasi mpaka 10,000 kwa wiki mbili bila ilani ndefu. Siku za kwanza utaona yaliyofichika: mipira ya kuzuia mafuta ya presi imekauka na kuvuja, muuzaji wa asidi ameshaiuza nafasi yako kwa kiwanda cha mbolea, wakaguzi wa eksirei wenye vyeti hai ni wawili badala ya sita, rangi imechelewa na makombora mazima yamejazana uani yakisubiri kupakwa. Zoezi la namna hiyo lina gharama, na wahasibu watalipinga kila mwaka. Lakini bila zoezi, kodi ya utayari hugeuka ruzuku ya vumbi, na hilo nalo tumeliona katika sekta nyingine nyingi.

Faida ya mstari wa kazi usiozimwa ilionekana pale Poland ilipoigeukia Korea Kusini. Mikataba ya utekelezaji ya vifaru vya K2 na mizinga ya K9 ilitiwa saini Agosti 2022. Desemba ya mwaka huohuo shehena ya kwanza ilikuwa inashushwa bandarini Gdynia. Korea ilikuwa na mistari inayotembea, na ilikubali baadhi ya vifaa vilivyokuwa vya jeshi lake viende kwa mteja. Hakuna muujiza wa kiteknolojia hapo. Tena Korea hiyohiyo inatufundisha unyenyekevu: ilitaka K2 iwe na injini na gia za nyumbani, lakini sanduku la gia lilishindwa jaribio la kudumu, lile la kilomita 9,600 bila hitilafu kubwa, na ikaamuliwa kundi la pili la vifaru lichukue injini ya Kikorea na gia za Kijerumani. Serikali iliyoona aibu ingelegeza jaribio. Iliyoijua kazi iliendelea kununua gia nje huku ya kwake ikirekebishwa.

Madini adimu ni upande mwingine wa jambo hilohilo. Bei zilipaa mwaka 2011 baada ya China kubana mauzo, wawekezaji wakaufufua mgodi wa Mountain Pass huko California, bei zikaanguka, na kampuni iliyoumiliki ikafilisika mwaka 2015. Muuzaji anayetawala soko hahitaji kukupiga vita. Anaongeza mzigo sokoni miaka miwili, benki yako inamaliza kazi. Ndiyo maana mkataba wa Julai 2025 kati ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani na mmiliki wa sasa wa mgodi huo, MP Materials, una jambo linalostahili kusomwa kuliko zile dola milioni 400 za hisa: bei ya chini kabisa ya dola 110 kwa kilo ya neodimiamu na praseodimiamu, madini ya kutengenezea sumaku zenye nguvu, kwa miaka 10. Soko likishuka chini ya hapo, serikali hufidia tofauti. Mtu anaweza kubishana kama 110 ni kubwa mno, na hatari ya kumlea mwenye kiwanda mvivu ipo. Hata hivyo sakafu ya bei inalenga ugonjwa wenyewe, kitu ambacho ruzuku ya kujengea haifanyi. Jengo hupatikana kirahisi. Mwaka wa sita wa bei mbovu ndio unaoua.

Watu wengi wakisikia sumaku hufikiria ndege kubwa. Tuchukue droni ndogo ya mota nne, ile ambayo rubani huiongoza kwa kutazama picha za kamera yake kwenye miwani. Mota ya kawaida ya droni hiyo ina sumaku 14 zilizopangwa ndani ya kikombe kinachozunguka. Mota nne ni sumaku 56. Karakana inayojisifu kuunganisha droni 10,000 kwa mwezi inahitaji sumaku 560,000 kwa mwezi, kila moja nyembamba kama kucha, iliyokatwa, kusuguliwa na kupakwa nikeli isipate kutu. Kabla ya hapo aloi iliyeyushwa, ikasagwa mpaka chembe za maikroni 3 hadi 5, tena ndani ya nitrojeni kwa kuwa unga huo ukikutana na hewa huwaka wenyewe. Ikabanwa katikati ya uga wa sumaku, ikachomwa kwenye nyuzi zaidi ya 1,000. Mota ikifanya kazi kwa nguvu hupata joto, na sumaku isiyo na kiasi kidogo cha disprosiamu au terbiamu hupungua nguvu kwa kudumu ikishapashwa kupita kiwango chake. Hayo mawili ni miongoni mwa madini saba ambayo China iliyawekea masharti ya kibali tarehe 4 Aprili 2025, na baadhi ya viwanda vya magari nje ya China vikalazimika kusimama kwa muda mwaka huohuo. Kuunganisha fremu, saketi na mota mezani ni kazi nzuri ya kuajiri vijana. Kuiita uhuru wa kiviwanda ni kujidanganya.

Ndiyo maana tunawasihi wanaowekeza katika kampuni changa za ulinzi waache kulewa na maonyesho. Teknolojia hupimwa kwa ngazi 9 za ukomavu, na kampuni hupenda kutaja kwamba imefika ya 7 au ya 8. Uzalishaji nao una vipimo vyake, ngazi 10, na huko kampuni hiyohiyo mara nyingi iko ya 4: inaweza kutengeneza kimoja kizuri kwa mikono ya wahandisi wake bora. Muwekezaji aombe orodha ya vipuri, kisha kwa kila kipuri aulize nani anakitengeneza, yeye ananunua wapi malighafi, na huyo naye wapi. Ashuke ngazi nne. Mwaka 2022 upokeaji wa ndege za kivita za F-35 za Marekani ulisitishwa kwa wiki kadhaa baada ya kugundulika kuwa sumaku ndani ya pampu moja ilikuwa na aloi ya kobalti na samariamu iliyotoka China. Ndege ya mamilioni ya dola, na kisa ni kijisumaku alichonunua mkandarasi mdogo wa ngazi za chini.

Aulize pia ni saa ngapi mashine moja maalumu inahitajika kwa kila kitu kimoja, na mashine hizo ziko ngapi. Droni ikihitaji dakika 25 za mashine ya kupima kamera, na mashine ni mbili zikifanya kazi saa 16 kwa siku, siku haitatoa zaidi ya droni 76, hata wafanyakazi wakiwa elfu. Jibu la swali hilo moja lina thamani kuliko video kumi za milipuko.

Halafu kuna gharama kushuka kwa kuzoea kazi. Mwaka 1936 Theodore Wright alionyesha kwamba katika kuunda ndege, kila jumla ya ndege zilizotengenezwa ilipokuwa maradufu, gharama ya kazi ilipungua kwa kama asilimia 20. Kampuni changa hupenda kuuchora mstari huo kwenye karatasi zao: kitu cha mia kinagharimu 1,000, cha elfu moja na mia sita kitagharimu 410. Hesabu ni sahihi, ila ina sharti lisiloandikwa: kazi isikatike. Mstari ukisimama miezi minane kusubiri bajeti, mafundi huondoka na nusu ya mazoea huondoka nao. Zabuni za kusuasua humlipisha mlipakodi somo lilelile mara mbili.

Kuhusu maghala tunaomba tupingane kidogo na wahenga. Akiba haiozi, walisema, baruti huoza. Nitroselulosi hujivunja polepole na kutoa gesi zinazoharakisha kuvunjika kwenyewe, kwa hiyo huchanganywa na dawa ya kuituliza, na dawa hiyo huisha. Ghala la joto huimaliza upesi. Kundi ambalo halikupimwa dawa yake linaweza kujiwasha bila kuguswa na mtu. Betri za lithiamu hutunzwa zikiwa na chaji ya kama nusu, penye ubaridi, na hata hivyo huzeeka. Chipu hupitwa na wakati kabla ya kutumika. Kwa upande mwingine vipande vya chuma vya kufulia, maganda yaliyopakwa rangi, pete za shaba na TNT iliyofungwa vizuri hukaa miaka mingi. Kwa hiyo fedha ya akiba isambazwe kulingana na tabia ya kitu. Nunua malighafi na vitu vilivyofika nusu ya kazi kwa wingi, hasa vile vinavyochelewa kufika. Vile vinavyooza weka vya miezi michache tu na uwe na uwezo wa kuvitengeneza. Ghala lililojaa vitu vilivyokamilika hupendeza wageni wa heshima, lakini hukufunga kwenye muundo wa jana, na vita vya droni vimeonyesha muundo wa masafa ya redio unavyoweza kupitwa ndani ya miezi.

La mwisho ni watu. Marekani ilipotaka kuongeza makombora ya Stinger, yale ya begani ya kudungulia ndege, baada ya 2022, miaka mingi ilikuwa imepita tangu jeshi lake liagize mapya kwa wingi. Baadhi ya sehemu za kielektroniki za kichwa cha kutafutia shabaha hazikupatikana tena sokoni, ikabidi zisanifiwe upya, na mtengenezaji akawaita wastaafu, wengine wenye umri wa miaka ya sabini, waje wawafundishe wapya. Michoro ilikuwepo. Kile ambacho mchoro hausemi ni kwamba gundi hii ipakwe siku isiyo na unyevu, kwamba skrubu ile ikazwe baada ya ile ya pili, kwamba sauti ya presi ikibadilika kidogo ujue kifyonzi kimeziba. Kila mkataba wa ulinzi ungeweza kutenga sehemu ndogo ya thamani yake kwa kazi hii tu: kumrekodi fundi kwa video akifanya kila hatua, kuandika pembeni ya mchoro sababu ya kila kipimo, kutunza sampuli nzima na sampuli mbovu za kila kasoro inayofahamika, na kumweka mwanagenzi kando ya kila fundi aliyebakiza miaka mitatu kustaafu, akilipwa mshahara kamili hata mwezi ambao oda ni sifuri.

Wasomaji wako,
Wahandisi wa uzalishaji